Wa miezi saba anapona, wa miezi nane anakufa?

Mama akijifungua kabla ya wakati huko Nguba, mtaa wa Bukavu, habari hufika sokoni kabla mtoto hajafikishwa hospitali. Na ikishafika sokoni, kila mtu ana neno lake: koko, yaani bibi, ana lake, jirani ana lake, hata muuguzi aliyestaafu zamani ana lake. Maneno mengine ni dawa kweli. Mengine yamezika watoto. Nimechukua machache, nikayapima kwa yale ambayo tafiti zimeonyesha.

"Wa miezi saba anapona, wa miezi nane anakufa."

Uongo, tena wenye mvi. Umo katika maandishi ya kitabibu ya Wagiriki wa kale yanayobeba jina la Hippocrates, na umetembea dunia nzima. Mimba kamili ni wiki 40 hivi. Anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ndiye tunayemwita njiti. Kila wiki inayoongezeka tumboni huyakomaza mapafu, huweka mafuta chini ya ngozi, humfundisha mtoto kunyonya. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu hukomaa kuanzia wiki ya 32 hadi ya 34. Kwa hiyo wa miezi minane amejiandaa kuliko wa saba, si kinyume chake. (Na tusisahau kwamba "watoto wa miezi saba" wengi wa zamani, waliotoka wanene na wenye sauti kubwa, walihesabiwa tangu siku ya harusi.) Ubaya wa imani hii ni kwamba jamaa za mtoto wa miezi minane hukata tamaa mapema, na mtoto aliyekatiwa tamaa halishwi usiku.

"Bila kuvezi hawezi kuishi."

Mara nyingi si kweli, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kuvezi, ile mashine ya joto, ni msaada mzuri pale inapofanya kazi. Lakini Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wake una baridi, na umeme unakatika ingawa bwawa la Ruzizi ya kwanza, jirani kabisa na Nguba, linazungusha mitambo tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kuvezi isiyo na umeme ni sanduku la kioo.

Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na mashine chache na watoto wengi. Akawatoa watoto wadogo kwenye msongamano na kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakila maziwa ya mama. Kwa miaka mingi wataalamu waliiona kuwa njia ya maskini, ya kutumia mtu akikosa mashine. Kisha Shirika la Afya Duniani likasimamia jaribio katika nchi tano, Tanzania ikiwemo pamoja na Malawi, Ghana, Nigeria na India, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Kundi moja lilianza kubebwa kifuani mara baada ya kuzaliwa. Lingine lilingoja hali ya mtoto itulie kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 12.0 ya kundi la kwanza, na asilimia 15.7 ya lile lililongoja. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana.

Ila tusivuke mpaka. Jaribio jingine, la Uganda, lililochapishwa mwaka 2024, lilihusu watoto ambao hali yao ilikuwa bado haijatulia, na halikuonyesha kwamba kubeba kifuani peke yake kunapunguza vifo vya wiki ya kwanza kwa kiasi cha kutegemewa. Mtoto anayeshindwa kupumua anahitaji oksijeni na mtaalamu. Kifua hakishindani na oksijeni. Kinaweza kushindana na kuvezi.

Na kifua si lazima kiwe cha mama. Baba anaweza, shangazi anaweza, koko anaweza. Kinachotakiwa ni saa nyingi, kuanzia 8 hadi 24 kwa siku, na kikwembe kilichofungwa imara. Baba wa Nguba anayeona haya kukaa wodini kifua wazi, ajue tu kwamba mtoto hachagui kifua.

"Baridi inakula maziwa ya mtoto."

Kweli tupu. Koko wanaosema hivi hawakusoma fiziolojia, lakini wanasema sawa. Mtoto njiti ana ngozi nyembamba na mafuta kidogo. Akipoa, nguvu ya maziwa aliyokunywa inatumika kutengeneza joto badala ya nyama na ubongo. Utakuta analishwa vizuri na uzito haupandi. Kabla ya kuongeza maziwa, gusa miguu yake. Kumwogesha siku ile ile aliyozaliwa ili wageni wamkute msafi ni kosa. Ushauri ni kungoja angalau saa 24.

"Maziwa ya kwanza ni machafu, na ya mama aliyezaa mapema ni maji tu."

Uongo mara mbili. Yale mazito ya manjano ya siku za kwanza ndiyo yenye kinga nyingi kuliko yote. Na mwili wa mama aliyejifungua mapema, katika wiki za mwanzo, hutoa maziwa yenye protini zaidi kuliko ya mama aliyetimiza miezi. Utafiti wa Lucas na Cole wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 1990 juu ya watoto njiti zaidi ya 900, ulikuta kwamba ugonjwa hatari wa utumbo kuoza uliwapata waliolishwa maziwa ya kopo pekee mara sita hadi kumi zaidi ya waliopata ya mama pekee.

Tatizo la kweli ni kuanza kwa kuchelewa. Matabibu wa Bukavu walichapisha mwaka 2018 utafiti juu ya kina mama wa mji wetu wanaochelewa kunyonyesha, na kuzaa kwa upasuaji ni moja ya sababu walizozitaja. Mama wa njiti ana kikwazo kingine: mtoto hajui kunyonya. Hapo maziwa yanakamuliwa kwa mkono, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia, na kupelekwa kwa mpira mdogo wa puani au kikombe kidogo. Matone machache ya siku ya kwanza si aibu. Maji ya sukari ndiyo aibu. Maziwa ya mama yakikosekana kabisa, yanafuata ya mama mwingine yaliyopimwa na kuchemshwa kitaalamu. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya namna hiyo mwaka 2019. Kopo ni la mwisho, na lina masharti: maji safi, kipimo sahihi, fedha ya kopo lijalo.

"Tumbo lake lipumzike siku kadhaa kwanza."

Hii nayo si kweli, na haikutoka sokoni. Ilitoka hospitalini. Kwa mtoto ambaye hali yake inaruhusu, ushauri wa sasa ni kuanza maziwa mapema iwezekanavyo, tangu siku ya kwanza. Na kuhusu kasi ya kuongeza maziwa yakishaanza, jaribio la Uingereza na Ireland la mwaka 2019 lililinganisha kuongeza mililita 18 na mililita 30 kwa kila kilo kwa siku: hakukuwa na tofauti ya maana katika kuishi bila ulemavu hadi miezi 24.

"Maziwa ya mama yanatosha kwa kila kitu."

Nusu kweli. Madini ya chuma huwekwa akiba katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ile ile ambayo njiti aliikosa. Shirika la Afya Duniani linashauri anayenyonya apewe miligramu 2 hadi 4 za chuma kwa kilo kwa siku, kuanzia wiki ya pili hadi mwezi wa sita. Kipimo kitoke kwa muuguzi, si kwa muuza dawa wa barabarani.

"Uji wa masoso mapema utamnenepesha."

Uongo. India walijaribu, matokeo yakatoka mwaka 2017: njiti walioanza chakula kwenye mwezi wa nne wa umri uliorekebishwa (unaohesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa) hawakuwazidi uzito walioanza mwezi wa sita, ila walilazwa hospitali mara nyingi zaidi. Masoso, ule unga wa mahindi, soya na mtama, ni chakula kizuri. Kingoje zamu yake.

"Ana mwaka na hatembei, basi akili imeharibika."

Hesabu kwanza. Aliyezaliwa wiki ya 30 alitangulia kwa wiki 10, hivyo siku anapotimiza mwaka ana miezi tisa na nusu hivi tu ya haki yake. Mpime hivyo hadi afike miaka miwili. Vipimo vya ukuaji vya kimataifa vya watoto njiti, vilivyotolewa mwaka 2015, vilitokana na mradi uliofuatilia mimba katika miji minane, Nairobi na Muscat ikiwemo. Kwa hiyo si vya Wazungu peke yao.

Lakini hesabu isiwe kisingizio cha kukaa nyumbani. Ng'ambo, huko Rwinkwavu nchini Rwanda, watafiti waliwatafuta watoto waliotoka wodi ya watoto wachanga miaka michache kabla. Sehemu kubwa walikuwa wamedumaa, wengi walikuwa na shida ya kula. Hapo ndipo ilipoanzishwa, mwaka 2014, kliniki ya kuwafuatilia. Kutoka wodini na kilo mbili si kumaliza.

"Kasiksi inaleta maziwa."

Uongo. Kasiksi ni pombe, na pombe huzuia maziwa kushuka, na sehemu yake humfikia mtoto. Kinacholeta maziwa ni kukamua mara kwa mara, na mama kula na kulala. Anayekuja wodini na chupa ya kasiksi airudishe, alete bugali na sambaza, kisha amshike mtoto kifuani mama anapokula.