Maswali ya Watoto Kutoka Nairobi

Ndugu mkulima, huenda una mtoto au mjukuu anayekaa Kibera au Kawangware. Akija shambani wakati wa likizo, akakuuliza kwa nini mzizi hushuka chini na chipukizi hupanda juu, usimfukuze. Maswali ya namna hii huanzia mara nyingi kwenye televisheni.

Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwezi huo huo kilianza kituo cha televisheni cha watoto, Akili Kids!, ambacho kukitazama hakulipiwi. Kimeonyesha pia Ubongo Kids, michoro ya katuni yenye nyimbo iliyoanza Tanzania mwaka 2014, ifundishayo hesabu na sayansi. Katika mitaa hiyo, jamaa wengi hukaa chumba kimoja. Mtoto akitazama, mzazi naye hutazama, na wote hujifunza.

Faida ya picha ni hii: siku saba za mbegu kuota huonekana kwa dakika moja. Lakini kuona peke yake hakutoshi. Mtoto akija, fanyeni hivi:

Hesabuni mbegu 100 za maharagwe. Zifungeni katika kitambaa chenye majimaji, mkiweke kivulini, wala kisikauke. Baada ya siku saba hesabuni zilizoota. Zikiwa chini ya 80, mbegu hizo ni dhaifu. Tafuta nyingine kabla ya mvua.

Mtoto atapata jibu lake, nawe utaokoa msimu wako.