Kimilikishi na Mwenye Kitu: Tatizo la "his" na "her"

Mwanafunzi wa Kabambare huanza Kiingereza akiwa tayari na Kiswahili na Kifaransa. Katika lugha hizo, kimilikishi hufuata kinachomilikiwa. Kiswahili huangalia ngeli yake: kitabu chake, nyumba yake, Kifaransa, jinsia yake: son livre, sa maison. Kiingereza hutazama mwenyewe: his kwa mwanamume, her kwa mwanamke. Hivyo, "Maria na kaka yake", likipitia son frère, huandikwa his brother, na msomaji hudhani kaka huyo ni wa mtu mwingine. Kosa hili halitokani na uzembe, bali na kanuni iliyohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine. Zoezi lifaalo ni mwanafunzi kujiuliza kwanza: "Mwenyewe ni nani?"