Sanduku lenye tundu na gari la parokia



Msomaji mpendwa, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, imo habari ambayo sisi mapadre huwa hatuna haraka ya kuihubiri. Mfalme Yoashi aliona Hekalu limechakaa, akaagiza makuhani wapokee fedha za waumini na kuzitumia kuziba nyufa. Fedha zikapokelewa. Miaka ikapita. Ulipofika mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa zile zile. Mfalme akamwita kuhani Yehoyada na wenzake, akawauliza kulikoni, na akawakataza kupokea tena fedha hizo. Ndipo Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na altare, upande wa kuume wa mtu anayeingia. Kila zilipoonekana kuwa nyingi, katibu wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, wakawakabidhi wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe.

Habari hiyo naifahamu tangu seminari. Miaka hii miwili nimekuwa nikiisoma nikiwa na oili mikononi, kwa sababu ya gari.

Nilipohamishiwa huku Mvumi nililikuta chini ya mkwaju: Land Cruiser ya bodi ndefu, ile ambayo watu huiita "mkonga" kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Lilikuja zamani kwa msaada wa marafiki wa ng'ambo. Saa yake ya kilometa ilisimama kwenye 387,000 na ushee, na hakuna anayekumbuka ilisimama mwaka gani. Kuku walikuwa wakitaga kiti cha nyuma. Injini yake ni ile ya dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, ambayo Toyota walianza kuitoa mwaka 1990 na ambayo mafundi wetu huisifu kama wazee wanavyosifu ng'ombe wa zamani. Lakini injini nzuri haisimamishi gari, na hili breki zake zilikuwa za kubahatisha.

Utaniuliza, padre, gari la nini siku hizi, bodaboda ziko kila mahali? Ni kweli, nami huzipanda. Kumpelekea mgonjwa Komunyo kwenye kigango, pikipiki inatosha. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hapandishwi mishikaki usiku kuvuka korongo. Hospitali ya hapa Mvumi, ya ndugu zetu Waanglikana, hutibu watu wa madhehebu yote na wasio na dhehebu. Tabu ni kuifikia. Dodoma mjini ni kama kilometa 40, na kati ya vijiji vyetu yapo makorongo ya mchanga ambayo kiangazi watoto huchezea mpira, na masika hubeba magogo.

Kanisa lilijifunza jambo hili kwa msiba. Mwaka 1925 Padre Otto Fuhrmann, mmisionari Mjerumani, alifariki kaskazini mwa Namibia, katika nchi ya Waovambo. Aliugua malaria na nimonia, akasafirishwa kwa mkokoteni siku kadhaa kutafuta tiba, na alipofika ilikuwa imechelewa. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliyepata kuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza, hakuridhika na kuomboleza tu. Mwaka 1927 alianzisha MIVA, chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. (Ndiye pia aliyeadhimisha Misa angani ndani ya ndege-puto Hindenburg mwaka 1936, lakini hiyo ni habari ya Dominika nyingine.) Mpaka leo vyama vya MIVA huchangia magari, pikipiki, hata baiskeli. Kwa hiyo kila gari la misheni unaloliona limeegeshwa kando ya kanisa lina marehemu nyuma yake.

Basi kwa nini mengi huishia chini ya mkwaju? Tunasema ni barabara. Barabara zina sehemu yake, lakini nimeona malori ya wafanyabiashara wa karanga yakipita barabara hizo hizo miaka ishirini. Gari la parokia huuawa na kuwa la wote. Mgogo mwenye ng'ombe arobaini anamjua kila mmoja kwa rangi na pembe zake, na asubuhi akimwona mmoja anachechemea hasubiri halmashauri ikutane. Gari letu lilichechemea miaka mingi. Aliyeliendesha leo alimwachia wa kesho, na wa kesho alimwachia paroko ajaye.

Halmashauri ya walei ilipokaa, yalikuwepo mawazo matatu. Vijana walitaka lipakwe rangi kwanza ili watu waone mabadiliko na wapate moyo wa kuchanga. Wengine walitaka tutengeneze taratibu. Kundi la tatu lilitaka tuuze, na lilikuwa na hoja nzito: mnunuzi tayari alikuwapo. Alikuja kutoka mjini, akazunguka, akapiga mabati kwa ngumi, akasema likiwaka na likiwa na rangi atalipa vizuri.

Ndipo mmoja akaeleza jinsi ya kufanya. Matundu ya kutu yazibwe kwa puti. Rejeta iwekewe unga wa kuziba, injini oili nzito isitoe moshi. Saa ya kilometa ibadilishwe, iwekwe inayosoma pungufu. "Mnunuzi ana macho," akamalizia. Nilitazama nyuso, nikaona wengi hawajachukia. Ninaandika hili bila kuwahukumu, maana parokia ina madeni, na fedha ile ingeezeka kigango kizima.

Aliyejibu ni mama mmoja wa WAWATA, ambaye kwa kawaida hukaa kimya mpaka sala ya kufunga. "Baba Paroko, naomba kuuliza. Huyo akishalinunua, atapakia watoto wa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, linakataza kuwa na mawe mawili mfukoni, kubwa la kununulia na dogo la kuuzia. Saa ya kilometa iliyorudishwa nyuma ni jiwe la namna hiyo hiyo. Katekisimu ya Kanisa, inapofafanua Amri ya Saba, inahesabu udanganyifu wa biashara kuwa ni wizi, hata pale sheria ya nchi haikuukamata. Nasi Watanzania tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika ughaibuni tunaujua uchungu wa kudanganywa; sijui kwa nini tunausahau haraka tukiwa sisi wauzaji. Kesho yake nilimweleza mnunuzi kila ubovu niliokuwa nimeambiwa na fundi. Alinishukuru kwa heshima, akapanda bodaboda, hakurudi. Fedha ya bati ikaondoka naye.

Basi tukatengeneza sanduku. La mbao, lenye tundu na kufuli mbili, mlangoni mwa kanisa upande wa kuume. Halichanganywi na sadaka ya Dominika. Hufunguliwa Dominika ya kwanza ya mwezi mbele ya mweka hazina, mwenyekiti wa WAWATA na katekista, na kiasi hutangazwa kabla watu hawajatoka. Mara ya kwanza zilipatikana shilingi 143,500 na vifungo viwili vya shati. Baada ya mavuno watu walileta pia karanga na madebe ya mtama.

Kazi tulimpa fundi wa Dodoma mjini. Ni Mwislamu, na Ijumaa mchana hashiki spana. Maandiko yanasema wale mafundi wa Hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walifanya kazi kwa uaminifu. Imani yangu haijafika huko; sisi risiti tunadai na tunazibandika ubaoni. Yeye mwenyewe aliongeza sharti ambalo nakushauri ulidai popote unapotengeneza gari: kila kipuri kipya kinapofungwa, cha zamani kinarudishwa kwa mwenye gari ndani ya mfuko.

Akatupangia utaratibu, na hakukubali kuuvunja. Kwanza kinachosimamisha gari, kisha kinacholiongoza, kisha kinacholiendesha. Kinacholipendezesha ni mwisho. Tulianza na mabomba ya breki, viatu vya breki vya nyuma, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kwa hiyo hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka kama miwili hata kama hayavuji. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya vichwa vya fimbo za usukani. Kisha tairi. Hapo tulijifunza kusoma tarakimu nne zilizogandamizwa ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililokuwa na meno mazuri kuliko yote lilisomeka 0808, yaani wiki ya nane ya mwaka 2008. Ukilikunja kidogo, ubavu ulipasuka nyufa kama visigino vya mkulima. Fundi alilitupa la kwanza.

Rejeta ilitusumbua. Maji ya visima vingi huku Dodoma yana chumvi, nawe unaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika lako. Sasa fikiria birika linalochemka kila siku kwa miaka, lenye mirija myembamba kuliko kidole. Ilibidi ifunguliwe yote, isafishwe, na tangu hapo haiwekewi maji ya kisima. Ukafuata ule mkanda wa mpira ulio ndani ya injini, unaoendesha vali zifuate mwendo wa pistoni. Una kikomo cha kilometa, na ukikatika, vali na pistoni hugongana na injini huharibika kwa dakika moja. Kwa kuwa saa ilikuwa imekufa, hakuna aliyejua mkanda umekwenda kilometa ngapi. Fundi akasema kitu usichokijua umri wake, kibadilishe.

Miezi mitano ikapita, na gari bado lilikuwa na kutu ile ile. Minong'ono ikaanza, na haikuwa ya wabaya: mtu aliyetoa debe la mtama ana haki ya kuuliza mtama wake umekwenda wapi. Vijana wakarudi na hoja ya rangi. Niliwasomea mstari wa 13 wa sura ile ile ya 12: fedha za sandukuni hazikutumika kutengeneza vikombe vya fedha wala tarumbeta. Vyote hivyo ni vitu vizuri, tena vya ibada. Lakini kwanza nyufa.

Hawakuridhika sana. Dominika iliyofuata, baada ya Misa, fundi alitandika turubai nje ya kanisa na kumwaga mifuko ya vipuri vya zamani. Watoto wakavigeuzageuza. Bibi mmoja akaokota kiatu cha breki kilichokuwa kimelika hadi kubaki chuma kitupu, akakishika muda mrefu. "Na tulikuwa tunapandia hiki?" Mwezi ule sanduku lilipata fedha nyingi kuliko miezi yote, kabla na baada.

Msomaji wangu, sitaki kuivuta habari ya gari mpaka ikatike. Mtu si gari. Lakini nimekaa kwenye kitubio miaka mingi, na najua jinsi wengi wetu tunavyopenda kutoka wapya kwa siku moja. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu alichokitoa mwaka 1609 kwa ajili ya walei wanaotaka kumpenda Mungu, alifundisha kwamba utakaso wa kawaida wa roho huenda polepole, kama mwili unavyopona ugonjwa, na kwamba si vizuri kuvunjika moyo kwa sababu hiyo. Kuna aliyeacha pombe wiki hii na bado ni mkali nyumbani. Mkewe anaona kutu tu. Inawezekana breki zimeshafungwa.

Masika iliyopita, usiku, dereva wetu alikuwa anamleta mama mjamzito kutoka kigango cha mbali. Mvua haikuwa imenyesha pale alipokuwa, ilikuwa imenyesha huko juu. Aliposhuka kwenye korongo, taa zikamulika maji yanayokwenda kasi mahali alipozoea kuona mchanga. Alikanyaga breki, gari likasimama. Walikaa ukingoni saa tatu nzima wakisali rozari mpaka maji yakapungua, wakavuka kwa gia nzito. Mtoto alizaliwa hospitalini saa kumi na moja alfajiri. Ni wa kike.

Mlango wa nyuma bado tunaufunga kwa mpira wa tyubu, na gia ya pili inalia. Fundi amepiga hesabu ya gia, nayo imebandikwa ubaoni chini ya risiti. Kiongozi wa vijana ameshaniletea rangi tatu nichague. Nimezihifadhi kwenye droo ya sakristia. Sanduku litafunguliwa Dominika ijayo, na karanga za mwaka huu bado hazijauzwa.