Richard Harrison: Ninja wa Muvi Ambazo Hata Yeye Hakujua Yuko Ndani

Ukicheki Ninja Terminator ya 1985, kuna mzungu anapiga stori kwa simu ya Garfield. Wasee, si joki. Huyo ni Richard Harrison, Mmarekani aliyekuwa staa wa muvi za Italia miaka ya 60. Miaka ya 80 akaenda Hong Kong kupiga muvi chache tu za Godfrey Ho. Ho naye akakatakata hizo vipande, akazishona na muvi zingine za bei ya chini za Asia, kisha akaweka sauti mpya ndio stori ishikane. Simu ilikuwa ya nini sasa? Harrison aongee na watu hawajawahi kutana! Muvi chache zikazaa zaidi ya kumi. Jina lake ndilo liliumia.