Kukata Mti Si Kazi, Kazi Ni Kisiki

Mtu wa Pwani apandaye bara hadi Nyeri hustaajabia miti iliyosongamana na nyumba za watu. Si minazi iliyopeana nafasi kama yetu. Ni mikaratusi, misaiprasi na migrivea iliyobanana mipakani, vilele vikichungulia mapaa ya mabati. Shamba limegawiwa kutoka baba hadi mwana, nyumba mpya zimejengwa chini ya miti ya wazee, na mti uliokuwa alama ya mpaka sasa unapakana na chumba cha kulala. Mvua za masika zikija na pepo zake, watu hulala jicho moja wazi.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kiislamu wa Majengo mjini Nyeri, alinipeleka nje ya mji kwa rafiki yake aliyekuwa akikatiwa mkaratusi. Mti wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa jirani, nao ulilalia paa lake. Miaka miwili alimwomba jirani auondoe, na jirani akajibu kwamba ule ni karo ya shule ya wanawe, imesimama tu ikingoja siku yake. Hatimaye walipatana: mwenye nyumba awalipe wapogoaji, mwenye mti achukue magogo.

Nilimkumbusha mzee kisa cha Samura bin Jundub kilichopokewa katika Sunan ya Abu Daud. Samura alikuwa na mitende ndani ya shamba la Ansari mmoja, na kuingia kwake mle kukawaudhi wenyewe. Mtume (S.A.W.) alimtaka auze, akakataa, abadilishane, akakataa, atoe kwa ajili ya thawabu, akakataa. Ndipo akaambiwa kuwa yeye ni mtu wa kudhuru, na Ansari akaamriwa aing'oe. Nasi twajua kuwa kupanda mti ni sadaka! Mzee alicheka, akasema karo ya shule ni hoja nzito kuliko tende.

Turudi kwa wapogoaji. Kijana mmoja alipanda kwa kamba, msumeno ukining'inia kiunoni. Hakuanza chini. Alianza kileleni, akiushusha mti kipande kwa kipande, kila kipande kimefungwa kamba iliyoshikwa na wenzake, maana nyumba ilikuwa hatua chache tu. Tawi nene alilikata kidogo kwa upande wa chini, ndipo akahamia juu. Bila ya hivyo tawi huvunjika kwa uzito wake likachuna gome la shina. Na kwa mti utakaobaki hai, tawi halikatwi likawa sawasawa na shina. Huachwa ule uvimbe wa shingo yake, kwani hapo ndipo mti hufungia kidonda. Tawi lililogusa waya wa stima hakulisogelea. Alisema hilo waitwe Kenya Power.

Mgrivea una habari nyingine. Huo hupogolewa mara kwa mara: matawi yakawa kuni, jua likapenya kwenye kahawa na mahindi, shina likanyooka kwa mbao.

Lakini taabu hasa huanza mti ukishalala. Mnazi ukikatwa umekufa, hauchipui tena. Mkaratusi sivyo! Baada ya muda si mrefu kisiki hutoa machipukizi tele. Mwenye kutaka nguzo na kuni huchagua mawili matatu yenye nguvu, akavuna tena bila ya kupanda. Si ajabu mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya kuni za garimoshi. Mwenye kisiki ukutani kwake hana furaha hiyo. Itampasa achimbe handaki kukizunguka, akate mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha akipindue kwa mtaimbo. Wengine hubambua gome mpaka chini ya udongo na kukata kila chipukizi mpaka kisiki kichoke. Wengine hukichoma polepole, jambo nisilolipenda karibu na nyumba, kwani moto huweza kufuata mizizi ardhini. Na penye mteremko, alisema mzee, kiueni kisiki lakini msiking'oe. Mizizi ndiyo inayoushika ule udongo mwekundu. Ukiing'oa karibu na masika, kilima chaweza kuporomoka.

Mkaratusi hulaumiwa pia kwa kunywa maji. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliagiza iondolewe kandokando ya mito na penye chemchemi. Wengi waliona karo zao zikiangushwa kabla ya wakati.

Mugumo haumo katika hesabu hiyo. Marehemu Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2004, alisimulia katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 habari za mugumo uliokuwa karibu na kwao. Mamake alimkataza kuokota kuni zake, akimwambia ni mti wa Mungu. Baadaye ardhi ile ilipata mmiliki mwingine. Aliuona mti unamkera kwa kumaliza nafasi, akaukata apande chai. Maathai alieleza kwamba mizizi ya mugumo hupasua miamba ikayafikia maji ya chini, na maji hupanda kwa njia hiyo hadi yakapata pa kutokea. Hapo karibu palikuwa na kijito alichokichezea utotoni. Nacho kilikauka.