Mkataba wa Wamaasai: Karatasi zasema nini?

MALI bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Huku Bonde la Ufa, ambako neno "shamba" likitajwa watu huketi wima, methali hiyo haihusu hesabu za dukani peke yake.

Agosti 2004 Wamaasai waliandamana wakitaka warudishiwe ardhi yao. Kule Laikipia wachungaji waliingiza ng'ombe katika mashamba makubwa ya walowezi, na polisi wakatumwa kuwatoa. Hoja iliyovuma siku hizo ilikuwa nyepesi kueleweka: mkataba ambao wazee wao walifanya na Mwingereza mwaka wa 1904 ulikuwa wa miaka 100 (wengine walisema 99), na sasa muda umekwisha. Mwenye nyumba anataka nyumba yake, mpangaji afungashe virago.

Je, karatasi yenyewe yasema hivyo? La.

Mkataba huo ulifanywa Naivasha tarehe 10 Agosti 1904. Upande wa serikali alikuwako Kamishna, Sir Donald Stewart. Upande wa Wamaasai alikuwako laiboni Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana na kumvika cheo cha chifu mkuu, pamoja na viongozi wengine akiwemo Ole Gilisho, ambaye katika maandishi ya serikali ni "Legalishu". Wazee walikubali, eti kwa hiari yao, kuhama Bonde la Ufa ili Wazungu wapate mahali pa kulima na kufuga. Haya yalikuwa malisho ya Naivasha, Elementaita na Nakuru, na reli ilikuwa imefika Nakuru miaka minne tu awali. Kundi moja lielekee Laikipia, jingine libaki kusini mwa reli. Kati ya sehemu hizo mbili iwekwe njia yenye upana wa nusu maili ya kupitishia mifugo. Tena Wamaasai waachiwe angalau maili tano mraba katika miteremko ya Kinangop, mahali pa kufanyia sherehe za tohara.

Kisha kikaja kifungu kizito kuliko vyote: makubaliano yadumu maadamu Wamaasai wangali wako duniani, na Wazungu wasiruhusiwe kuchukua ardhi ambayo Wamaasai wamepewa.

Hakuna 99 humo. Hakuna 100. Kwa maoni yangu karatasi hiyo inawapa Wamaasai hoja yenye nguvu kuliko ule uvumi, kwani muda ukiisha hakuna aliyemdhulumu mwenziwe, lakini ahadi ya milele iliyovunjwa ni jambo jingine kabisa. Na ilivunjwa kabla ya miaka saba kutimia. Olonana alifariki Machi 1911. Tarehe 4 Aprili mkataba mwingine ukawa tayari, wa kuwatoa Wamaasai Laikipia na kuwapeleka kusini. Miongoni mwa waliotia alama alikuwa Seggi, mwanawe marehemu.

Ole Gilisho naye aliukubali shingo upande, kisha akageuka na kumshtaki mkoloni kortini pamoja na wenzake. Kesi ilitupwa mwaka wa 1913. Mahakama ilisema mikataba ile ni kama ya mataifa mawili, hivyo korti haina uwezo wa kuiamua. Maajabu ya Firauni: taifa la kigeni, ambalo halikuwa na ruhusa hata ya kuchagua mahali pa kuchungia ng'ombe wake!

Basi hiyo 99 ilitoka wapi? Nadhani ilitoka katika hati za walowezi. Sheria ya ardhi ya 1902 iliruhusu Mzungu kukodishiwa ardhi kwa miaka 99, na ndivyo Lord Delamere alivyopata ekari 100,000 kule Njoro mwaka wa 1903. Sheria ya 1915 ikapandisha muda huo hadi miaka 999.

Anayetaka kujisomea habari za zama hizo ana mahali pa kwenda. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, ina makao yake Moi Avenue, Nairobi, katika jumba lililokuwa Benki ya India, na ina kituo mjini Nakuru pia. Faili za Nakuru hutambulika kwa herufi: DC/NKU ni za ofisi ya wilaya, PC/NKU ni za mkoa. Ndani yake mna ripoti za kila mwaka za madisii na barua za bomani, nyingine za kuchosha kweli kweli, kisha ghafla unakutana na habari za maskwota au za watu wa Olenguruone, waliopelekwa huko 1941 na kufurushwa kufikia 1950.

Mengi hayapo. Moto ulioteketeza ofisi kuu za serikali Nairobi mwaka wa 1939 ulikula kumbukumbu nyingi. Kabla ya Uhuru wakoloni walichoma nyaraka na kusafirisha nyingine hadi Uingereza kwa ndege, na kuwako kwake kukakubaliwa waziwazi mwaka wa 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza huko London. Mwaka wa 2013 wazee 5,228 walikubaliwa kulipwa jumla ya pauni milioni 19.9. Bila faili hizo sijui kama wangalipata hata senti.

Picha nazo zina pengo lao. Katika nyingi za enzi ya ukoloni Mzungu ana jina, na Mwafrika aliyesimama kando yake ni mpishi au mchungaji tu. Ikiwa kwenu mna picha ya babu akiwa na kipande shingoni, iandikeni nyuma jina lake, shamba alilofanyia kazi na mwaka, maadamu nyanya angali anakumbuka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanafunzi hasa wangefaa kulijua. Kwa kawaida sheria huruhusu umma kusoma nyaraka za serikali zilizowekwa katika hifadhi zikishatimiza miaka 30, isipokuwa zile ambazo serikali imezizuia. Kwa hesabu hiyo, faili za mwaka wa 1992, wakati watu wa Molo na Olenguruone walipokuwa wakichomewa nyumba na kukimbilia Nakuru mjini, zilitimiza umri huo mwaka wa 2022. Waliokuwa watoto makanisani na kambini wakati huo sasa ni wazazi. Wana haki ya kufika dirishani na kuziuliza.