Barabara za Kwale: Nani Aamuaye?

Barabara kuu itokayo Likoni, ikapita Ukunda na Msambweni hata Lunga Lunga mpakani mwa Tanzania, ni ya taifa. Njia nyingi ziingiazo humo kutoka mashambani ni za Kaunti ya Kwale. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyogawa kazi hiyo: kaunti hutunza barabara zake na kuangalia mwendo wa magari na maegesho, barabara kuu zina mamlaka yake, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Basi atakaye kujenga maduka kando ya barabara kuu hubisha milango miwili. Kaunti humpa ruhusa ya kujenga. Mamlaka humpa ruhusa ya kuunganisha njia yake. Milango hiyo isiposikilizana, jengo husimama kabla ya kivuko wala taa, na watoto wa shule na mkulima mwenye mzigo wa nazi ndio wavukao kwa hofu.

Jambo hili limezidi uzito. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, sasa yafika Kibundani, na magari ya bara yashuka kusini pasipo kupanda feri.

Sheria yataka wananchi waulizwe kabla ya uamuzi. Tangazo likitolewa, mwenye shamba na alisome, ahudhurie mkutano, aseme watu wavukapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.